Magari ya zamani ya Kijapani: Mtaji mdogo uanzie kwenye kadi, si kwenye injini

WANUNUZI wa magari mjini Nzega wamezoea kuuliza maswali mawili: linakula mafuta kiasi gani, na spea zake zinapatikana? Kwa anayetaka gari la kwenda Itobo au la kupeleka mpunga Tabora, maswali hayo yanatosha. Hayatoshi kwa mtu anayenunua gari lenye umri wa miaka 40 akitaraji kwamba litamtunzia fedha zake na ikiwezekana kuziongeza.

Kwamba magari ya zamani ya Kijapani yana thamani, hilo halina ubishi tena. Januari 2020 Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 310,000. Ni aina ileile iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Bei hiyo isimtie mtu wazimu. Gari hilo lilikuwa limetembea kidogo mno kwa umri wake na lilikuwa na historia yake yote kwenye maandishi. Magari yanayoweza kupatikana magharibi mwa Tanzania yamefanya kazi, na mengi yamefanya kazi ya punda.

Hata hivyo yapo, na yapo kwa sababu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu binafsi kupata gari jipya nchini ilikuwa shida kubwa, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa chache na uagizaji ulishikwa na serikali. Walioagiza walikuwa misheni, hospitali, vyama vya ushirika, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, pikapu za Kijapani ziliingia kwa wingi. Nyingine ziligeuzwa chai maharage za kubebea abiria Dar es Salaam, nyingine zikaishia bara kubeba pamba na tumbaku. Nzega iko pale ambapo barabara ya kutoka Singida inakutana na ile ya Tabora, katika nchi ambayo misafara ya Wanyamwezi iliipita kwa miguu miaka mingi kabla ya tairi. Mali iliyofika huku kwa gharama kubwa hairudi pwani kwa urahisi. Huzeeka hapahapa, juu ya mawe, nyuma ya nyumba.

Hali ya hewa inasaidia. Gari lililokaa Tanga au Unguja huliwa na chumvi ya bahari kuanzia sakafuni, lakini la Nzega, kama halikulala kwenye majani mabichi, mara nyingi bodi lake bado ni zima. Linalokufa huku ni mpira, gozi na nyaya: jua hupasua dashibodi, panya hula waya, na vumbi huingia kwenye kila kitu. Hayo yanatibika kwa fedha kidogo kuliko chesisi iliyooza.

Kadi kabla ya chuma

Mnunuzi mwenye mtaji mdogo hapotezi fedha kwenye injini mbovu. Injini hufunguliwa, hupigwa ringi mpya, huwaka. Fedha hupotea kwenye karatasi, na hapa ndipo mkusanyo mwingi unapokufa kabla haujazaliwa.

Tuchukulie mzee aliyekuwa karani wa chama cha ushirika alinunua pikapu mwaka 1986, akafariki, na pikapu imekaa miaka 20 chini ya mwembe. Mwanawe mmoja anaiuza kwa bei ya kutupa. Kadi inasoma jina la marehemu. Mwana huyo, hata kama ndiye mkubwa na ndiye mwenye funguo, hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Akiuza bila uteuzi, ndugu zake wanaweza kuja siku yoyote kudai mali yao, na siku hiyo huwa ni baada ya gari kupigwa rangi. Mnunuzi mwerevu husubiri. Anaweza hata kuwasaidia nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo, kwani nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara.

Mtego wa pili ni msamaha wa kodi. Magari mengi ya miradi, na baadhi ya yale ya mashirika ya dini, yaliingia nchini bila kulipiwa ushuru. Yale ya miradi ya wafadhili hutambulika kwa namba za DFP. Gari la aina hiyo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi huamka. Land Cruiser ya misheni inayotangazwa kwa nusu ya bei ya soko huenda si rahisi hata kidogo; nusu iliyobaki inadaiwa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: risiti ya forodha iko wapi, na kama haipo, nani analipa? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Tatu, namba. Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi. Magari ya zamani mengi yamebadilishiwa injini, jambo ambalo si kosa likiwa limeandikishwa. Gari lililolala tangu miaka ya 1990 huweza kuwa bado lina namba za TZ ambazo hazikuhamishiwa kwenye mfumo wa sasa unaoanza na T. Mnunuzi aulize TRA Tabora kabla ya kutoa hata shilingi.

Minada ya magari ya serikali ina usafi zaidi wa karatasi. Masharti yake ya kawaida ni kulipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 na kumaliza deni ndani ya siku 14, la sivyo amana inapotea. Gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Kwa hiyo asiyekuwa na fedha zote mkononi asinyooshe kidole. Wengi hunyoosha kwanza na kutafuta mkopo baadaye.

Aina zipi?

Kuagiza gari la kale kutoka Japani si njia ya mtaji mdogo. Gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, tozo nyingine, na juu yake ushuru wa uchakavu ambao umefikia asilimia 30. Mtu wa Nzega atafute gari ambalo lilishalipiwa hayo yote na mtu mwingine, zamani.

Gari la kwanza liwe lile ambalo spea zake bado zinatumika kwenye magari mengine, na hapo pikapu ya Datsun 1200 haina mshindani. Afrika Kusini iliendelea kutengeneza ndugu yake, Nissan 1400, hadi mwaka 2008, na vitu vingi vinaingiliana. Toyota Corolla ya miaka ya 1980 mwanzoni, ile ya tairi za nyuma, ina injini ya familia ya K iliyofungwa pia kwenye LiteAce na TownAce. Fundi yeyote aliyewahi kugusa kipanya cha aina hiyo anaijua. Magari haya mawili hayamtajirishi mtu. Yanamfundisha kazi kwa ada nafuu.

Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa Japani kati ya 1960 na 1984, ndiyo inayotafutwa duniani, na Toyota yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba itatengeneza upya baadhi ya spea zake. Lakini ndiyo pia iliyokatwakatwa zaidi huku: paa limeondolewa, viti vya abiria vimechomelewa nyuma, injini ya lori imeingizwa. Iliyokatwa hivyo inunuliwe kwa bei ya kazi, si kwa bei ya mkusanyo. Kwa mtaji mdogo, mfululizo wa 60, uliotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990, una nafasi nzuri zaidi kwa sababu wenyeji wengi bado wanauhesabu kuwa ni gari chakavu tu.

Kinacholipiwa na wakusanyaji ni ukamilifu. Taa za asili, nembo, vifuniko vya tairi, saa za dashibodi, kitabu cha mwongozo: vitu ambavyo gereji hutupa ndivyo vigumu kupatikana. Sumaku ndogo mfukoni ni kifaa cha lazima, kwa kuwa haishiki mahali palipozibwa kwa filla badala ya bati. Rangi mpya inayong'aa sana kwenye gari linalouzwa haraka ni sababu ya kuinama na kutazama chini.

Hesabu

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Bei halisi hutegemea gari na msimu. Mwekezaji ana sh. milioni 8. Kosa la kawaida ni kununua magari matatu mabovu ya sh. milioni 2.5 kila moja na kubakiwa na sh. 500,000 za kuyatengeneza yote. Baada ya miaka miwili anakuwa na makaburi matatu.

Mpango wa busara ni gari moja la sh. milioni 2.5. Usafirishaji na kubadili umiliki, sh. 600,000. Bodi na rangi, sh. milioni 1.2. Injini na gia, sh. milioni 1.8. Tairi, breki na umeme, sh. 900,000. Inabaki sh. milioni 1 ambayo haiguswi, kwa sababu hakuna gari la zamani lililowahi kutengenezwa kwa bei aliyotaja fundi siku ya kwanza.

Sasa swali ambalo wapenzi wa magari hawapendi kuulizwa. Kama hizo sh. milioni 8 zingewekwa mahali pengine kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka minne zingekuwa kama sh. milioni 11.7. Ongeza sh. 200,000 kila mwaka za banda, bima na matunzo, jumla sh. 800,000. Gari hilo basi linapaswa kuuzwa kwa sh. milioni 12.5 ndipo mwenyewe awe hajapoteza wala kupata. Lisipofika hapo, alichokuwa nacho ni starehe, na starehe ina haki yake mradi isiandikwe kwenye daftari la biashara.

Njia ya kuliponya daftari ni gari lenyewe kufanya kazi nyepesi. Likikodishwa kwa maharusi na sherehe siku 15 kwa mwaka kwa sh. 60,000 kwa siku, linaleta sh. 900,000, yaani matunzo yake na akiba ya sh. 700,000. Kazi ya kubeba mahindi haifai, hata mwenye mahindi akibembeleza vipi. Mkopo wa benki nao haufai kabisa, kwa kuwa riba hutembea kila mwezi na gari limesimama.

Gari la pili lisinunuliwe kabla la kwanza halijatembea kwenda Tabora na kurudi, kilomita zaidi ya 200, bila kuvutwa. Baada ya hapo mwekezaji ana njia mbili. Anaweza kuliuza la kwanza na kupanda daraja, au kulibakiza likodishwe huku akichanga upya. Mwenye mtaji mdogo kweli aliuze. Mkusanyo wa watu wasio na fedha nyingi hukua kwa kubadilishana.

Soko lenyewe ni jembamba, na hili lieleweke mapema. Kenya, ambako kuna wapenzi wengi na ambako kumekuwa na maonyesho ya magari maridadi ya Nairobi, kwa kawaida haisajili gari linaloingizwa likiwa limezidi miaka minane. Marekani huruhusu magari yaliyozidi miaka 25, lakini huko usukani ni wa kushoto na nauli ya meli si ya mtu wa pikapu. Mnunuzi wa kweli wa gari la Nzega yuko Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, na huenda akachukua mwaka mzima kutokea. Fedha za ada ya shule zisiwekwe humu.

Akitokea, atataka kuona jalada: kadi, mkataba wa mauziano, barua ya mirathi kama ilikuwapo, risiti ya kila spea, na picha za gari kabla bati halijafunikwa rangi. Mafundi wengi wa mitaani hawatoi risiti, hivyo mwenye gari anunue daftari la nakala, aandike mwenyewe na fundi atie saini. Malipo yapitie benki. Gari lisiondoke Nzega kabla umiliki haujabadilishwa, kwa sababu likigonga mtu njiani kabla ya Singida, polisi watamtafuta yule ambaye jina lake bado liko kwenye kadi.