SOMO LA AFYA: MOYO UENDAO MBIO NA SINDANO YA DHARURA

Watumishi wa umma na wakazi wa Mkoa wa Kigoma wanakumbushwa kuwa moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mtu akikimbia au akipanda mlima mapigo huongezeka hatua kwa hatua, na akipumzika hupungua vivyo hivyo. Huo si ugonjwa.

Somo hili lahusu hali nyingine. Mtu ameketi barazani Ujiji, au yumo ofisini akiandika jalada, mara moyo unaanza kupiga mara 150 hadi 250 kwa dakika. Pumzi hupungua, kichwa huwa chepesi, mwili hutetemeka. Mapigo ya moyo huongozwa na umeme mdogo upitao katika njia zake maalumu. Baadhi ya watu, wengi wao tangu kuzaliwa, wana njia ya ziada. Umeme ukiingia humo huzunguka pasipo kutoka, na kila mzunguko huleta pigo moja. Hali hiyo haitokani na pepo wala husuda, na kumsubirisha mgonjwa nyumbani kwa dhana hizo ni kumpotezea muda.

Hatua ya kwanza hospitalini huwa si dawa. Mgonjwa ambaye hali yake si mbaya huketishwa nusu kulala, akapuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali mara moja na miguu yake huinuliwa kwa sekunde 15. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 428, ulionyesha kuwa njia hii iliurudisha moyo katika mwendo wake kwa wagonjwa 43 katika kila 100, ambapo kupuliza bila kuinuliwa miguu kulifaa kwa 17 tu.

Isipofaa, daktari aweza kutoa dawa iitwayo adenosini. Watafiti Drury na Szent-Györgyi wa Cambridge walieleza tangu mwaka 1929 kuwa dawa hii huupunguza mwendo wa moyo. Mtu mzima hupewa miligramu 6 kwa haraka katika mshipa mkubwa wa mkono, ikifuatwa papo hapo na maji ya chumvi, huku mashine ikichora umeme wa moyo. Haraka hiyo ina sababu: nusu ya dawa huisha katika damu kwa muda usiofika sekunde 10. Mwendo usipobadilika, hutolewa miligramu 12.

Hapa ndipo mgonjwa na jamaa zake wapaswa kujua mapema. Dawa ikiingia, uso huwaka, kifua hubanwa, pumzi huwa kama inakatika, na wengi hudhani wanakufa. Moyo hunyamaza kwa kitambo kifupi, kisha huanza upya kwa utaratibu. Hayo yote kwa kawaida hupita katika muda usiozidi dakika moja. Asiyeelezwa huenda akaikataa sindano ya pili, au akaogopa kurudi hospitali siku nyingine. Maneno machache ya mhudumu kabla ya sindano ni sehemu ya tiba.

Mgonjwa naye ana wajibu wa kusema. Aeleze kama ana pumu, dawa anazotumia, na kama amekunywa kahawa, kwani kahawa huipunguzia adenosini nguvu. Kwa mkoa unaolima kahawa na kuinywa, jambo hilo si dogo. Daktari aweza kuchagua dawa nyingine, kama vile verapamili. Mgonjwa aliyezimia au ambaye shinikizo lake la damu limeshuka sana huhitaji mshtuko wa umeme bila kukawia.

Kwa wakazi wa vijiji vya mwambao wa kusini, kama Buhingu na Kalya, ambako safari nyingi ni za boti, yafaa kuzingatia haya:

(a) Mapigo yahesabiwe kwa saa kwa sekunde 30, idadi izidishwe kwa mbili, na saa yalipoanza iandikwe.

(b) Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi ni dharura. Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ili apewe rufaa, ikibidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

(c) Mgonjwa asisafiri peke yake, wala asiendeshe boti, gari au pikipiki.

(d) Karatasi iliyochorwa wakati moyo ukienda mbio iombwe nakala na kutunzwa. Mwendo ukisharudi, kipimo huweza kuonekana kizima kabisa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza mtaalamu, hata akiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Aliyepona leo asidhani yamekwisha, kwa kuwa njia ile ya ziada bado imo moyoni. Ahudhurie kliniki kama alivyoelekezwa.