Laptopu Inaua Hadidiski Kila Mara? Pima Haya Kabla Hujanunua Nyingine

Leo naongea na wale ambao biashara yao yote imekaa ndani ya laptopu: picha za mzigo, orodha ya wateja, nani kalipa, nani bado. Inagoma kuwaka, unaipeleka kwa fundi, anakwambia hadidiski imekufa, unabadilisha. Miezi minne baadaye, yaleyale. Ukifika diski ya pili kwenye laptopu moja, acha kwanza kulaumu diski. Ama kuna kitu kinaziua, ama hazijafa kabisa.

Mimi nauza vifaa vya kompyuta hapa Mwanjelwa. Juzi dada mmoja anayeuza vitenge mtandaoni kaja na diski mbili "zilizokufa", anataka ya tatu. Nikazichomeka moja moja kwenye kava ya USB, nikaunganisha na kompyuta ya dukani. Ya kwanza inagonga tu, tik tik. Hiyo kweli basi, na ukisikia mlio huo zima haraka, kila ukiiwasha unazidi kuiharibu. Ya pili ikafunguka. Picha zote zipo! Nikamwambia, dada angu, hii ni nzima, mgonjwa ni laptopu yako.

Nilijuaje? Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Diski yenyewe hujiandikia kumbukumbu za matatizo yake, programu hii inazisoma tu. Angalia mistari mitatu. Wa 05 na C5 inahusu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoelekea huko. Namba ikiwa si sifuri na inapanda, diski inaumwa. Mstari wa C7 ni tofauti: unahesabu makosa yanayotokea data ikiwa njiani kati ya diski na kompyuta. Ya yule dada, 05 na C5 zilikuwa sifuri, C7 imejaa. Hapo unatazama ule waya mwembamba bapa unaounganisha diski ndani ya laptopu, au kichwa chake kimelegea. Fundi akabadilisha waya, diski ileile ikarudi kazini.

Mambo mawili watu wanajichanganya nayo. Programu ile mwanzoni inaandika namba hizo kwa heksadesimali, kwa hiyo 10 ya pale ni 16. Kwenye menyu unaweza kubadili zisomwe kwa desimali. Pili, C7 hairudi sifuri hata ukiweka waya mpya. Iandike pembeni, ngoja wiki moja, uone kama imesimama.

Kama ni 05 na C5 ndizo zinapanda kila unapoweka diski mpya, tafuta muuaji. Hapa kwetu watu hupenda kusema ni mwinuko. Hapana jamani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, na diski nyingi za laptopu zimetengenezwa kufanya kazi mpaka karibu mita 3,000. Baridi nayo inasingiziwa. Ila baridi ya Juni na Julai inatupeleka kitandani na laptopu juu ya blanketi, matundu ya hewa yameziba, ndani kunachemka. Programu ileile inaonyesha joto. Ikizoea kupita 50, safisha feni na utumie meza.

Mwingine ni mtikisiko. Unafunika laptopu, unaitia begi, unapanda bodaboda kwenda Uyole, kumbe haijalala, diski bado inazunguka. Subiri taa zitulie na feni inyamaze, au zima kabisa. Na betri mfu: laptopu inayoishi kwa chaja peke yake, umeme ukikatika au waya ukichomoka inazimika katikati ya kuandika. Betri nzima inakuokoa hapo.

Mtu atauliza, si niweke tu SSD? Weka, ni nzuri, haina kinachozunguka ndani kwa hiyo mtikisiko hauisumbui sana. Lakini waya mbovu na umeme wa kukatika-katika vitaisumbua vilevile.

Kabla ya vipimo vyote hivi, kama bado inafunguka, nakili data kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000: diski ikishaonyesha kosa la kwanza inapojikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 zaidi ya zile zisizo na kosa. Na zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo hata programu ikikuonyesha rangi ya bluu, orodha ya wateja iwe na nakala sehemu nyingine, Google Drive au diski ya nje inayokaa nyumbani.

Mwisho, diski "mpya" za mtaani. CrystalDiskInfo inaonyesha pia saa ambazo diski imewashwa. Nimewahi kuletewa "mpya" yenye saa 14,000, yaani mwaka na miezi saba mfululizo bila kuzimwa. Diski ya namna hiyo ikifa, laptopu yako haina kosa. Mwambie muuzaji aichomeke uone saa kabla hujatoa hela. Akikataa, maduka Mwanjelwa ni mengi.