Vita vya Majini vya Visiwa vya Aegates

Swali: Ilikuwaje Karthago, dola iliyosifika kwa ubaharia, ikashindwa baharini na Roma mwaka 241 KK?

Jibu: Sababu kubwa ni uzito wa merikebu. Baada ya miaka zaidi ya 20 ya kugombea Sisilia, hazina ya Roma ilikuwa tupu, hivyo raia matajiri waligharimia merikebu 200 hivi kwa ahadi ya kulipwa endapo ushindi ungepatikana, na jemadari Gaius Lutatius Catulus akawafanyisha mazoezi wapiga makasia kila siku. Merikebu za Karthago, kwa upande mwingine, zilisheheni nafaka za jeshi la jemadari wake Hamilcar Barca lililozingirwa Sisilia, na mabaharia wake wengi hawakuwa na uzoefu.

Tarehe 10 Machi upepo uliwasukuma Wakarthago mbele na bahari ilikuwa imechafuka, lakini Catulus, kwa uamuzi unaostahili sifa kuliko jambo lolote jingine siku hiyo, aliamua kuwazuia kabla hawajashusha shehena. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, ameandika kwamba merikebu 50 za Karthago zilizamishwa na 70 zikatekwa. Karibu na Levanzo, kimojawapo cha Visiwa vya Aegates, wapiga mbizi na wanaakiolojia wameopoa pembe za shaba nyeusi, yaani ncha nzito zilizofungwa kwenye gubeti ili kutoboa ubavu wa merikebu ya adui, nyingine zikiwa na majina ya maofisa wa Roma.

Karthago, isiyoweza tena kulisha jeshi lake, iliiachia Roma Sisilia na kukubali kulipa talanta 3,200 za fedha kwa miaka 10.