SOMO LA AFYA: NGOZI YA MTOTO IKIPWAYA



Mtoto mwenye afya huijaza ngozi yake. Lakini wapo watoto ambao ngozi yao inapwaya. Ukimtazama kwa nyuma, ngozi ya matako na mapaja imekunjamana kama suruali ya kaka yake. Mbavu zinahesabika. Uso umekuwa wa kizee. Ugonjwa huu unaitwa nyongea.

Wengine husema mtoto huyo amebemendwa. Basi mama huona aibu, humfunika kanga na kumficha ndani. Baba naye hunyamaza. Siku zinapita, mtoto anakwisha.

Sababu yenyewe ni hii. Mtoto asipopata chakula cha kutosha, au akiugua mara kwa mara, mwili hula akiba yake. Kwanza unamaliza mafuta, halafu nyama. Ngozi hubaki na upana wake. Ndiyo maana inalegea.

TUFANYE NINI?

1. Tumpime. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, pungufu ya sentimeta 11.5 ni nyekundu: hatari! Kutoka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

2. Tumbonyeze miguu yote miwili kwa kidole gumba. Vishimo vikibaki, huenda ni unyafuzi. Huyo naye yuko hatarini, hata akionekana mnene.

3. Tumpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Tusimshindilie chakula. Mwili uliodhoofu hauwezi kukipokea, anaweza kufa. Hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo.

4. Akipona, ugali au michembe peke yake haitoshi. Uji wa mtama tutie karanga zilizosagwa au maziwa. Tumpe dagaa, choroko na mboga za majani. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara nyingi kwa siku. Nyama ikirudi, ngozi inajaa tena.

Kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya mkoa wa Iringa viliingia katika mpango wa lishe. Watoto walipimwa, na wanakijiji wakajadili matokeo pamoja. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Hapa Migato tunaweza pia, tukiacha kuwaficha watoto.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini ngozi ya mtoto hulegea?
2. Utepe ukionyesha nyekundu, utafanya nini?
3. Jirani akisema mtoto amebemendwa, utamjibuje?