Haki kwa Mwenye Usonji

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia watu wakisema kwamba mwenye hatia hujulikana kwa macho yake, na kwamba kunyamaza ni kukubali. Je, kipimo hiki ni cha haki? Katika somo hili tutaonyesha kwamba kipimo hiki chaweza kumtia gerezani mtu asiye na kosa, hasa mtu mwenye usonji.

Usonji ni nini?

Usonji si wendawazimu, wala si maradhi ya kuambukiza. Ni hali ya tangu utotoni, ambayo kwayo ubongo hupokea maneno, sauti na ishara kwa njia iliyo tofauti na ya watu wengi. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani katika mwaka 1943. Wenye usonji hawafanani: wengine hawasemi kabisa, na wengine ni wasomi hodari.

Yako mambo matatu yanayoweza kuwaponza mbele ya polisi. Kwanza, wengi wao huona taabu kumtazama mtu machoni. Pili, huenda wakayashika maneno kama yalivyo. Mmoja wao akiulizwa, "Waweza kunieleza ulikuwa wapi jana?" aweza kujibu, "Naweza," kisha akanyamaza, na askari akadhani anafanyiwa mzaha. Tatu, makelele, mwanga mkali au kushikwa ghafula vyaweza kumtia hofu hata akakimbia, na kukimbia huko kukahesabiwa kuwa ni ukaidi.

Funzo kutoka Uingereza

Katika mwaka 1972 mtu mmoja aliuawa mjini London, na nyumba yake ikachomwa moto. Polisi waliwakamata vijana watatu. Mkubwa wao alikuwa na miaka 18, lakini akili yake ilikadiriwa kuwa ya mtoto wa miaka 8. Walihojiwa bila mzazi wala mtu mzima mwingine wa kuwaangalia, nao wakakiri. Kwa maungamo hayo walitiwa hatiani. Lakini ushahidi juu ya saa ya kifo haukulingana na maungamo yao, na mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ikazifuta hukumu hizo.

Hatusemi kwamba vijana hao walikuwa na usonji. Twasema kwamba msiba wao uliwafumbua watu macho: kukiri peke yake si ushahidi wa kutosha ikiwa anayekiri hakuelewa alilokuwa akiulizwa. Uchunguzi uliofuata ulisaidia kuleta sheria ya mwaka 1984 juu ya kazi ya polisi. Chini ya kanuni za sheria hiyo, mtuhumiwa dhaifu, na mwenye usonji aweza kuwa miongoni mwao, huwekewa mtu mzima wa kukaa naye katika mahojiano. Mtu huyo aweza kuwa jamaa au mlezi, lakini hawi askari. Kazi yake si kujibu kwa niaba ya mtuhumiwa, bali ni kuhakikisha kwamba anaelewa haki zake na kwamba anahojiwa kwa uadilifu. Tena sheria ya mwaka 1999 iliruhusu shahidi mwenye shida ya mawasiliano awe na msaidizi mahakamani, wa kufafanua maswali na majibu.

Je, huu si upendeleo?

Huenda mtu akauliza: Je, mwenye usonji asihukumiwe anapokosa? La, hatusemi hivyo. Akikosa, atajibu kosa lake. Lakini kipofu akisomewa hati ya mashtaka, hajapendelewa. Amepewa tu kile ambacho mwenye kuona amekwisha kukipata kwa macho yake.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa jamaa yako mwenye usonji ataitwa na polisi, ieleze hali yake mapema, na omba ukae naye. Omba aulizwe maswali mafupi, moja moja, na apewe nafasi ya kufikiri. Asitie sahihi maneno ambayo hakuyaelewa. Nawe ukiwa askari, hakimu au mzee wa baraza, usifanye haraka kusoma hatia katika macho yaliyoinama. Uliza tena kwa maneno mepesi, kisha ungoje jibu.