SOMO: BWAWA LIKO JUU, NANI YUKO CHINI?

Ukizunguka vijiji vya Kitale utakuta mabwawa ya udongo kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Yalijengwa kwa ajili ya ng'ombe na kumwagilia mimea. Siku hizo, chini ya tuta palikuwa malisho tu. Baadaye mashamba yaligawanywa, ploti zikauzwa, na leo penye malisho pana nyumba, pengine na nasari ya watoto. Bwawa halikuongezeka hata futi moja, lakini hatari yake imekua.

Watu wengi huuliza, "Tuta hili ni imara?" Swali zuri, lakini si hilo peke yake. Wataalamu wa nchi nyingi huuliza pia: likipasuka, maji yatamkuta nani? Basi tuta zuri lenye kijiji chini yake laweza kuwekwa kundi la hatari kubwa, na tuta bovu la porini likawekwa la chini. Kanuni za maji za Kenya za 2007 ziliweka mabwawa katika makundi A, B na C, kwa vipimo kama kina cha maji na wingi wake. Kina kisichofika mita 5 kilikuwa cha A, yaani dogo. Lakini mita 4 za maji zikishuka usiku juu ya nyumba yako, utaziita ndogo?

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa la mtu binafsi. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwemo watoto. Serikali ilisema halikuwa na kibali.

Sasa tuangalie tuta. Pakitoka maji upande wa chini, chota kwa gilasi. Yakiwa safi na hayaongezeki, endelea kuyaangalia kila wiki. Yakiwa na matope, jua yanabeba udongo wa ndani ya tuta: ondoeni watu kwanza, halafu mwambieni chifu. Fuko naye hutoboa njia za maji. Mkaratusi mkubwa usiukate ovyo, kwa sababu mizizi ikioza huacha matundu.

Mfereji wa maji ya ziada ndio husahauliwa. Wengine huuziba kwa magunia ya mchanga ili maji yajae zaidi, au kwa wavu ili samaki wasitoroke. Mvua ikija maji hupita juu ya tuta, na udongo hauwezi kuvumilia hayo. Wenzetu wa Bungoma wenye vidimbwi vya samaki vilivyofuatana mteremkoni waangalie sana: cha juu kikivunjika, hukiangukia cha chini.

Mwenye bwawa anatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kumwuliza si ugomvi.

Kazi ya kikundi: kabla ya mvua za Aprili, tembeeni kutoka tutani mkifuata bonde hadi mtoni. Hesabuni nyumba zilizo bondeni, mkaandike ni nani atapiga filimbi usiku, na watu watakimbilia kilima gani.