Muhtasari: Kuchagua Vifaa vya Kupigia Picha za Anga

Muhtasari una alama 15 katika karatasi ya pili, sawa na ufahamu. Hata hivyo, kila ninaposahihisha mitihani ya majaribio, hapa ndipo ninapokuta kurasa zilizojaa wino lakini zenye alama haba. Mara nyingi mwanafunzi amekielewa kifungu vizuri. Tatizo ni kwamba ameshindwa kuchagua, akanakili kila kitu.

Kufupisha ni kuchagua. Ndiyo maana katika somo hili nimekuwekea kifungu kinachohusu kuchagua vifaa. Mwenye fedha chache hanunui kila kilichoko dukani. Na mwenye maneno 65 haandiki kila kilichoko kifunguni.

KIFUNGU

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Vijana wengi wanaotamani kupiga picha za anga ya usiku huanza kwa kukimbilia darubini. Chama chetu cha sayansi shuleni kilifanya hivyo. Tulichanga pesa muhula mzima, tukanunua darubini ambayo kasha lake lilijigamba kuwa hukuza vitu mara 525. Usiku wa kwanza tuliielekeza Mwezini. Kila upepo ulipovuma stendi ilitikisika, na tulichokiona kilikuwa ukungu mtupu. Baadaye tuligundua kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili ya kipenyo cha lenzi ya mbele kikipimwa kwa milimita. Darubini ya milimita 60, kama yetu, haifai kukuza zaidi ya mara 120. Tarakimu ile kubwa ilikuwa chambo, nasi tukanasa.

Kifaa cha kwanza kinachofaa kununuliwa ni stendi imara ya miguu mitatu. Mwanga wa nyota unaotufikia ni hafifu, kwa hivyo kamera huachwa wazi kwa sekunde kadhaa ili ikusanye mwanga wa kutosha. Ikitikisika hata kidogo katika muda huo, picha huharibika. Stendi nyepesi inaweza kutulizwa kwa kuning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Aidha, kubonyeza kitufe kwa kidole huitikisa kamera. Hivyo mpigapicha hutumia kipima muda cha sekunde 2 au 10 kilichomo ndani ya kamera yenyewe, ambacho hakimgharimu chochote.

Kamera nayo si lazima iwe mpya. Inayohitajika ni ile inayomruhusu mtumiaji kuweka mwenyewe muda wa kupokea mwanga, kuhifadhi picha katika mfumo ghafi na kubadilisha lenzi. Kamera nyingi za mtumba zilizotengenezwa miaka kumi iliyopita hutimiza hayo yote. Kabla ya kulipa, mnunuzi apige picha ya ukuta mweupe aone kama ina madoa, na ahakikishe kuwa betri inashika chaji. Asiye na uwezo wa kununua kamera anaweza kuanza na simu yenye hali ya usiku, mradi aifunge juu ya stendi.

Lenzi huchaguliwa kwa kutazama mambo mawili: urefu wa fokasi na upana wa tundu. Lenzi yenye urefu mfupi wa fokasi, kama milimita 18, huona sehemu pana ya anga. Pia huruhusu muda mrefu zaidi kabla ya nyota kuonekana zimesogea, kwani Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Wapigapicha hukadiria muda huo kwa kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 50, jibu ni sekunde 10. Kwa lenzi ya milimita 20, ni sekunde 25. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo cha mwanga, na kwazo muda huo hupunguzwa kwa theluthi moja hivi. Kuhusu tundu, kadiri linavyokuwa pana ndivyo mwanga unavyoingia kwa wingi. Tundu la f/1.8 hupitisha karibu mara nne ya mwanga unaopita katika tundu la f/3.5.

Kuna mtambo unaoizungusha kamera taratibu kufuata mwendo wa nyota. Mwanagenzi asiukimbilie. Mtambo huo sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kwa sisi tulio karibu na ikweta, ncha hiyo iko karibu na upeo wa macho, ambako huzibwa na miti, vilima na ukungu. Badala yake, apige picha nyingi fupi za sehemu moja ya anga, kisha aziunganishe kwa programu zisizolipiwa kama vile Siril na DeepSkyStacker. Picha 16 zikiunganishwa vizuri, chembechembe zinazochafua picha hupungua hadi robo hivi ya zile za picha moja. Achague pia mahali penye giza na usiku usio na mbalamwezi, kwani taa za mji huzifunika nyota. Zaidi ya yote, asielekeze kamera wala darubini kwenye Jua bila kichujio maalum kilichofungwa mbele ya lenzi. Jicho likiungua halinunuliwi. Chama chetu kilipata picha yake ya kwanza ya Kilimia kwa kamera ya kuazima, lenzi ya milimita 50 na muda wa sekunde 6. Ile darubini ingali kabatini.

MASWALI

a) Fupisha aya ya pili na ya tatu. (Maneno 60–65) (alama 7, 1 ya mtiririko)

b) Kwa kurejelea aya mbili za mwisho, eleza mambo ambayo mwanagenzi anapaswa kuzingatia. (Maneno 65–70) (alama 8, 1 ya mtiririko)

NAMNA YA KUJIBU

Hatua ya kwanza: Soma swali kabla ya kurudi kifunguni. Swali (a) linataka aya ya pili na ya tatu pekee. Kisa cha darubini ya chama kinavutia, lakini kimo katika aya ya kwanza. Ukikitaja, umepoteza maneno bila kupata alama.

Hatua ya pili: Zielewe alama. Alama 7 zenye 1 ya mtiririko zina maana kuwa hoja zinazohitajika ni 6. Tafuta 7 au 8 ili uwe na akiba.

Hatua ya tatu: Andika hoja chini ya kichwa "Matayarisho". Tenganisha hoja na mfano wake. "Mfuko wa mchanga" ni mfano. Hoja ni kwamba stendi nyepesi huongezewa uzito. "Sekunde 2 au 10" ni ufafanuzi; hoja ni matumizi ya kipima muda.

Hatua ya nne: Unganisha hoja kwa viunganishi, kisha uhesabu maneno. Usikadirie kwa macho.

Matayarisho ya swali (a)

1. Kifaa cha kwanza ni stendi imara.
2. Kamera huachwa wazi kwa muda, na mtikisiko huharibu picha.
3. Stendi nyepesi huongezewa uzito.
4. Kipima muda hutumiwa badala ya kidole.
5. Kamera si lazima iwe mpya.
6. Kamera iruhusu kuweka muda, kuhifadhi picha ghafi na kubadilisha lenzi.
7. Kamera ikaguliwe kabla ya kulipiwa.
8. Simu yenye hali ya usiku hufaa ikiwa juu ya stendi.

Jibu dhaifu

Sasa tazama jinsi wengi wanavyoanza:

"Mwandishi wa kifungu hiki anatuambia kwamba kifaa cha kwanza kinachofaa kununuliwa ni stendi imara ya miguu mitatu kwa sababu nyota hutoa mwanga hafifu, kwa hivyo kamera huachwa wazi kwa sekunde kadhaa ili ikusanye mwanga wa kutosha…"

Hesabu. Maneno 36 yamekwisha, na hoja alizozifikia hazizidi mbili. Amebakiza maneno 29 kwa hoja zote zilizosalia. Maneno sita ya kwanza hayana hoja yoyote: mtahini anajua kuwa kuna mwandishi. Baada ya hapo amenakili sentensi za kifungu karibu neno kwa neno. Huyu si mwanafunzi asiyejua Kiswahili. Ni mwanafunzi aliyekimbilia kuandika kabla ya kuchagua, kama sisi tulivyokimbilia darubini.

Jibu linalofaa

Kifaa cha kwanza kununuliwa ni stendi imara, kwa kuwa kamera huachwa wazi kwa muda na mtikisiko huharibu picha. Stendi nyepesi huongezewa uzito, nacho kipima muda hutumiwa badala ya kidole. Kamera si lazima iwe mpya, mradi iruhusu kuweka muda wa mwanga, kuhifadhi picha ghafi na kubadilisha lenzi. Hata hivyo, ikaguliwe kabla ya malipo. Aidha, simu yenye hali ya usiku huweza kutumiwa ikiwa juu ya stendi.

(Maneno 64)

Hoja zote nane zimeingia. Viunganishi "kwa kuwa", "mradi", "hata hivyo" na "aidha" ndivyo vinavyokupa alama ya mtiririko. Angalia pia kwamba jibu limeandikwa kwa aya moja, si kwa orodha. Orodha hukaa katika matayarisho.

TAHADHARI

• Usiongeze maoni yako. Hata kama unaijua kamera nzuri kuliko zilizotajwa, muhtasari si mahali pake.
• Usizidishe maneno. Hoja inayokuja baada ya kikomo ni kama haikuandikwa.
• Piga mstari mmoja juu ya matayarisho ukimaliza, ili mtahini ajue jibu ni lipi.
• Kagua upatanisho wa kisarufi. Unapofupisha, nomino hubadilika na kiambishi husahaulika: "kifaa kinafaa" si sawa na "vifaa kinafaa".

ZOEZI

Funika sehemu iliyo hapa chini. Jipe dakika 20, ujibu swali (b), kisha ujisahihishe. Utahitaji hoja 7.

Hoja za swali (b)

1. Lenzi yenye urefu mfupi wa fokasi huona sehemu pana ya anga.
2. Lenzi hiyo huruhusu muda mrefu kabla ya nyota kuonekana zimesogea.
3. Muda hukadiriwa kwa kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi.
4. Muda hupunguzwa kwa kamera yenye kihisi kidogo.
5. Tundu pana hupitisha mwanga mwingi.
6. Mtambo wa kufuata nyota usikimbiliwe, kwani ni vigumu kuuelekeza karibu na ikweta.
7. Picha nyingi fupi ziunganishwe kwa programu zisizolipiwa.
8. Pachaguliwe mahali penye giza na usiku usio na mbalamwezi.
9. Jua lisielekezewe kamera wala darubini bila kichujio.

Ukipata hoja tano au chini, rudia zoezi kesho bila kutazama orodha hii. Ukipata saba lakini maneno yakazidi 70, tatizo lako si uelewa. Rudi kwenye jibu lako, futa kila mfano na kila tarakimu isiyo hoja, kisha uhesabu tena.